Nani Atampokea Atokaye Gerezani?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa kamati za misikiti)



Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad s.a.w.

Tumetakiwa leo tuseme juu ya jambo lisilosemwa sana mimbarini. Juu ya kuwatembelea wafungwa tumekwisha kusikia mengi, na kila Ramadhani futari hupelekwa magerezani, nayo ni amali njema. Lakini leo twaomba ndugu zetu wasimame nasi upande wa pili wa lango la gereza. Hapo pana mtu aliyefunguliwa asubuhi ile. Mkononi ana mfuko mmoja, naye anatazama barabara pande zote mbili. Swali letu ni hili: nani amekuja kumpokea?

Kisa cha Nabii Yusuf a.s. twakijua sote. Alipokuwa kifungoni Misri aliwafasiria ndoto wafungwa wenzake wawili. Yule aliyemwona kuwa ataokoka, Yusuf alimwomba amtaje mbele ya bwana wake. Mtu yule akatoka, akarudia kazi yake ya kumnywesha mfalme, akasahau. Qur'ani Tukufu yatueleza kwamba Yusuf alibaki gerezani miaka kadhaa. Tuzingatie, ndugu wapenzi. Kule kubaki kwake hakukutajiwa kufuli wala askari. Kulitajiwa usahaulifu wa mtu mmoja aliyekuwa nje, ambaye neno lake lilitazamiwa na halikusemwa. Tuiweke habari hii moyoni, kwani tutairudia.

NJIA NNE ZA KURUDI

Katika nchi yetu ya Tanzania, mtu aliyetiwa hatiani aweza kurudi kwa jamaa zake kwa njia nne, na ni wajibu wetu kuzijua.

Njia ya kwanza ni ya yule ambaye hakuingia gerezani kabisa. Mahakama yaweza kumweka chini ya uangalizi, yaani probesheni, kwa sheria ambayo ni Sura ya 247 ya sheria za nchi, kwa muda usiozidi miaka 3. Au yaweza kumpa adhabu ya huduma kwa jamii kwa Sheria Na. 6 ya 2002, ikiwa kifungo anachostahili hakizidi miaka 3. Mtu wa namna hii hulala kwake, na adhabu yake ni kufanya kazi ya umma bila ya malipo, kama kusafisha hospitali au shule.

Njia ya pili ni parole, iliyowekwa na Sheria ya Bodi za Parole Na. 25 ya 1994. Mfungwa wa kifungo kirefu, aliyekwisha kutumikia angalau theluthi moja na kuonyesha mwenendo mwema, aweza kufikiriwa na bodi amalizie kifungo chake nje kwa masharti. Makosa fulani mazito, kama unyang'anyi wa kutumia silaha, hayamo, na wenye kifungo cha maisha hawamo.

Njia ya tatu ni kumaliza. Mwenye mwenendo mwema hupunguziwa theluthi ya kifungo chake, na siku ikifika hufunguliwa.

Njia ya nne ni msamaha wa Rais. Tarehe 26 Aprili 2021, siku ya Muungano, Rais Samia Suluhu Hassan aliwasamehe wafungwa 5,001. Kati yao 1,516 walitoka siku ile ile na 3,485 walipunguziwa vifungo.

Sasa tuangalie tofauti. Katika njia mbili za kwanza yupo mtu aliyekabidhiwa kazi ya kumfuatilia yule mkosaji, kumwuliza anaishi wapi na anakula nini. Huyo ndiye afisa wa uangalizi au afisa wa parole. Katika njia mbili za mwisho kwa kawaida hayupo. Aliyemaliza kifungo na aliyesamehewa wako huru kabisa, na kwa sababu wako huru kabisa hakuna anayetumwa kuwauliza wamelala wapi. Basi kama kazi ya afisa ni kubwa kwa hao wachache anaowafikia, kazi yetu ni kubwa zaidi kwa hao asiowafikia.

AFISA HUYU NI NANI?

Wengi wetu tukimwona mtu wa serikali anaulizauliza habari za kijana mtaani, twadhani ni mpelelezi. Tukafunga midomo, au tukasema uongo mdogo tukidhani twasaidia. Ndugu wapenzi, hapa twakosea sana.

Kazi ya afisa huyu huanza kabla mlango haujafunguliwa. Huenda mtaani kwa mtuhumiwa au mfungwa, akaonana na wazazi, mke, mjumbe na wazee, na akamtafuta yule aliyedhulumiwa ili ajue moyo wake ukoje. Kisha huandika taarifa. Hakimu au bodi, ambao hawatafika kamwe katika kichochoro kile, huona kwa macho ya taarifa hiyo. Ikiandikwa kwamba nyumbani hakuna anayemtaka, hilo huwa zito katika mizani.

Baada ya mlango kufunguliwa, afisa ana kazi mbili kwa mtu mmoja. Lazima amwangalie: je, anakaa pale alipoagizwa, anaripoti siku alizopangiwa, anajiepusha na waliomponza? Akivunja masharti, afisa ndiye atakayemrudisha mbele ya sheria. Na papo hapo lazima amsaidie: amsuluhishe na jamaa zake, amtafutie pa kujifunza ufundi, amsikilize anapokata tamaa. Ni kazi ngumu, kwani mkosaji humwogopa mtu yule yule anayepaswa kumwamini.

Na afisa huyu amepewa nini? Amepewa kalamu, daftari na mamlaka ya sheria. Hakupewa chumba cha kumlaza mtu, wala mtaji wa genge. Jirani zetu wa Kenya wanazo hosteli chache kwa ajili ya vijana walio chini ya uangalizi ambao kwao hapafai, kama ile ya Shanzu, Mombasa. Lakini hata huko, hosteli chache haziwezi kuwa nyumba ya kila mtu. Kwa hiyo afisa, baada ya kuandika yote, hubaki na swali lile lile tuliloanza nalo: nani atampokea?

KAZI HII ILIANZIA KWA WATU WA KAWAIDA

Huenda mtu akasema kwamba hii ni kazi ya serikali na inatuhusu nini sisi. Historia yatuambia vingine.

Mwaka 1841, katika mji wa Boston huko Marekani, fundi viatu mmoja aitwaye John Augustus alikuwa mahakamani akamwona mlevi anayengoja kupelekwa kifungoni. Akamdhamini, akaahidi kumwangalia. Baada ya majuma matatu akamrudisha mbele ya hakimu akiwa mtu mwingine, naye akatozwa faini ndogo tu. Fundi yule hakuishia hapo. Hadi alipofariki mwaka 1859 alikuwa amewadhamini watu karibu 2,000. Jimbo lile lilitunga sheria ya uangalizi mwaka 1878, karibu miaka 20 baada ya kifo chake.

Huko Uingereza mwaka 1876 mchapaji mmoja wa mji wa Hertford, Frederic Rainer, alipeleka shilingi 5 kwa chama cha kanisa kilichopiga vita ulevi, akitaka pafanyike jambo kwa watu wanaoingia na kutoka mahakamani bila ya kikomo. Chama kikaanza kuweka watu wake katika mahakama za London. Sheria ya mwaka 1907 ilipokuja kuwafanya maafisa hao kuwa watumishi rasmi, iliwapa kazi ya kumshauri mkosaji, kumsaidia na kufanya naye urafiki. Ndipo mpango huo ukaletwa kwetu katika zama za ukoloni. Basi asili yake ni watu wa ibada waliotoka katika nyumba zao za ibada wakaenda mahakamani. Sisi tuna haya gani kufanya mfano wake?

Nchini Japani, hadi leo, kazi hii imesimama juu ya mabega ya raia zaidi ya 40,000 wa kujitolea, kwa sheria ya mwaka 1950. Hawalipwi mshahara. Ni wenye maduka, wastaafu, watunzaji wa mahekalu, na wengi wao huwakaribisha majumbani mwao watu walio chini ya uangalizi wakanywa nao chai na kuzungumza. Afisa wa serikali yupo nyuma yao, lakini anayeonana na mkosaji mara kwa mara ni jirani. Kenya nao wamekwisha kuanza kuwatumia raia wa kujitolea kwa namna hii. Muumini huchukua hekima popote aionapo.

YALIYOTUPATA SISI

Ndugu wapenzi, tungeweza kuishia hapo tukawa tumetoa hotuba nzuri. Lakini tungekuwa tumewaficha jambo.

Miaka michache iliyopita, katika msikiti mmoja ambao sisi tunaosema nanyi leo tulikuwa miongoni mwa kamati yake, alikuja afisa baada ya sala ya Alasiri. Alikuja kwa ajili ya kijana wa mtaa wetu aliyefungwa miaka 7 kwa kuvunja duka usiku. Alikuwa ametumikia miaka 3 na nusu. Mama yake alikuwa amefariki na chumba chao kilikuwa kimekwisha kupangishwa kwa wengine. Afisa alituuliza mambo matatu tu: atalala wapi, atafanya kazi gani, na nani atakuwa naye karibu. Akatuachia barua, akatuomba jibu.

Tulimjibu kwa adabu kwamba tutalijadili. Kikao cha kwanza akidi haikutimia. Cha pili kilikuwa cha ujenzi wa choo. Kisha Ramadhani ikaingia. Barua ikakaa katika droo, chini ya stakabadhi za michango. Hatukusema ndiyo, wala hatukuwa na ujasiri wa kusema hapana. Tulinyamaza tu, na kunyamaza kwetu kukawa jibu.

Kijana yule hakutoka kwa parole. Alitoka baada ya miezi 14, siku theluthi mbili za kifungo chake zilipokwisha, kwa njia ile isiyokuwa na afisa. Miezi 14, ndugu zetu! Tumekuwa tukimlaumu mnyweshaji wa mfalme wa Misri kila tusomapo kisa cha Yusuf, kumbe kitabu kinatusoma sisi.

Alipotoka alikuja msikitini. Alikuwa analala kibarazani kwa fundi baiskeli. Tulimpa mkono, tukamwambia alhamdulillahi. Alisali nasi majuma kadhaa, akikaa safu ya nyuma. Siku moja baada ya Ijumaa viatu vya mzee mmoja havikuonekana. Hakuna aliyesema neno. Lakini macho ya watu yote yaligeuka upande mmoja, naye aliyaona. Baada ya Magharibi viatu vilirudishwa. Mzee mwingine alikuwa amevivaa kwa makosa akaenda navyo nyumbani. Tulicheka. Yeye hakuwapo kucheka nasi, na hakuja tena. Waliompokea ni wale wenzake wa zamani, ambao hawakuhitaji kikao wala akidi. Leo yumo gerezani kwa mara ya pili.

Liko moja zaidi. Mwenye duka lililovunjwa ni mtu wa safu ya mbele katika msikiti ule ule. Tulijisemea kwamba twanyamaza kwa heshima yake. Alipopata habari za barua ile alituambia: "Mlidhani mnanihifadhi mimi, na mimi hamkuniuliza. Yule afisa alikuja kwangu, nikamwambia nataka mtaji wangu urudi japo kidogo kidogo, lakini sitaki kijana aozee ndani. Mfungwa atanilipa na nini?" Hatukuwa na la kumjibu.

DALILI KATIKA DINI YETU

Imepokewa katika Hadithi zilizo sahihi kisa cha mtu aliyeua watu 99, kisha akauliza kama ana toba. Mcha Mungu mmoja alimwambia hana, naye akamuua akatimiza 100. Kisha akamwendea mwanachuoni. Mwanachuoni alimfahamisha kuwa mlango wa toba hauzuiliki, kisha akaongeza jambo la pili: aihame nchi yake, kwani ni nchi mbaya, aende kwenye nchi ya watu wanaomwabudu Mwenyezi Mungu akaabudu pamoja nao. Akafa njiani, na akahesabiwa kuwa wa kule alikokuwa akielekea.

Tunapenda sana sehemu ya kwanza ya kisa hiki, ile ya ukubwa wa rehema. Tuitazame na ya pili. Mwanachuoni hakuona kwamba kujuta peke yake kunatosha. Alijua kwamba anayetubu anahitaji watu wa kuishi nao. Sasa tujiulize: anayetoka gerezani leo akiitafuta nchi ya watu wema, je, akifika kwetu atakuwa amefika?

Na tumepokea pia kwamba mtu mmoja aliyerudia ulevi mara kwa mara aliadhibiwa, na baadhi ya waliokuwapo wakamwapiza. Mtume s.a.w. aliwakataza wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Adhabu ilikwisha kutolewa. Matusi hayakuwa sehemu yake. Macho yetu ya siku ile ya viatu yalikuwa matusi yasiyo na sauti.

HOFU ZETU ZISIPUUZWE

Hatusemi kwamba hakuna hatari. Mwezi Mei 2024, katika mji wa Otsu huko Japani, mmoja wa wale raia wa kujitolea aliuawa, na aliyeshitakiwa ni mtu aliyekuwa chini ya uangalizi wake. Huruma isiyo na hadhari si uchamungu. Aliyefungwa kwa kudhuru watoto asiwekwe karibu na madrasa, hata akilia machozi; tumsaidie mahali pengine na kwa njia nyingine. Aliyedhulumiwa asilazimishwe kusamehe ili sisi tuonekane wema. Haki ya mja hairudi kwa dua peke yake.

Lakini hii ndiyo sababu hasa ya kumhitaji afisa. Yeye anajua aliyofanya mtu huyu, anajua masharti yake, na ana mamlaka ya kuchukua hatua. Tukishirikiana naye, hatari hupungua. Tukimkimbia, mtu yule yule atarudi mtaani kwetu siku kifungo kikiisha, bila ya masharti na bila ya mwangalizi. Hatuchagui kama arudi au asirudi. Tunachagua tu kama atarudi akiwa na mtu wa kumpokea au bila ya mtu.

TUFANYE NINI?

Twapendekeza mambo matano, na yote yako katika uwezo wa msikiti wa kawaida.

Kwanza, kila kamati iteue watu wawili, mwanamume na mwanamke, waende kujitambulisha kwa afisa wa uangalizi wa wilaya na kwa gereza lililo karibu. Mwanamke atokaye gerezani mara nyingi husahauliwa kuliko mwanamume, na mlango wake wa kuingilia ni akina mama.

Pili, barua ya afisa ijibiwe ndani ya siku 7. Ikiwa hatuwezi, tuseme hatuwezi, ili atafute pengine.

Tatu, pawe na kitanda na chakula cha siku 40 kwa anayetoka. Si lazima kiwe msikitini; chaweza kuwa chumba cha muumini aliyekubali kwa hiari. Aliye na karakana, genge au chombo cha uvuvi, amchukue mmoja chini ya mkono wake.

Nne, wazee wasimamie suluhu kati yake na aliyedhulumiwa, kwa ridhaa ya wote wawili, na malipo yaandikwe hata yakiwa madogo.

Tano, tuchunge ndimi na macho yetu, lakini tusimfiche. Akivunja masharti, tumwambie yeye kwanza, kisha tumwambie afisa ukweli. Kumdanganya afisa ni kumharibia anayekuja baada yake.

Tulipomwendea yule afisa mwaka huu kumwomba radhi, hakutulaumu. Alifungua faili na kutuambia kwamba ana majina mengine matatu kutoka kata yetu. Barua zake tunazo hapa mkononi. Moja imekwisha kujibiwa, na mwenye duka ndiye aliyekuwa wa kwanza kutia saini. Mbili bado. Hatutaki zirudi katika droo, nasi tutakaa nje ya ukumbi huu baada ya sala kuwangoja walio tayari.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaokumbuka pale walipoombwa wakumbuke. Awape wafungwa toba ya kweli, awaridhishe waliodhulumiwa, na aifanye mitaa yetu kuwa nchi ya watu wema kwa kila anayeitafuta. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.